Betri Yangu Inazima Saa Mbili Usiku: Fundi wa Sola Anajibu Wasomaji

Kamwene wasomaji wa Iringa na Njombe, na ndaga kwa wenzetu wa Rungwe mlioandika kwa wingi mwezi huu. Barua nyingi ni za kipupwe: ukungu umeshuka, sola zimelegea. Nimechagua tatu, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu nyumba ninazoingia kila wiki zina ugonjwa huo huo.

Kamwene fundi. Nina genge Kibao, Mufindi. Septemba mwaka jana nilinunua paneli ya wati 100, betri ya N70, kontrola ya ampea 10 na inveta ndogo. Nawasha taa nne, runinga ya inchi 32 na kingamuzi chake. Siku za mvua kubwa ilikuwa inayumba lakini kesho yake inarudi. Mei nikaanza kuwachajia majirani simu, kama nane kwa siku, shilingi 300 kila moja. Sasa ikifika saa mbili usiku inveta inalia na kila kitu kinazima, watoto hawajamaliza hata kusoma. Fundi wa hapa anasema betri imekufa, ninunue nyingine. Pesa niliyonayo inatosha kitu kimoja tu. Ninunue betri? – Mama wa genge, Kibao

Kamwene mama. Betri usinunue bado. Ukiiweka mpya kwenye mpangilio huo huo, kipupwe kijacho utaniandikia barua hii hii.

Chukua kalamu na daftari la madeni la genge, tuhesabu pamoja. Matumizi ya umeme ni wati mara saa. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa nne, hiyo ni wati-saa 80. Runinga na kingamuzi ni kama wati 50, kwa saa nne ni 200. Simu zenu mbili za nyumbani, weka 30. Inveta nayo inakula chake inapogeuza umeme wa betri uwe wa runinga, weka 35. Jumla 345 kwa siku. Sasa upande wa mapato. Paneli ya wati 100, siku ya jua zuri, inakuvunia kama 350 ukishatoa kinachopotea njiani. Unaona ulivyokuwa unaishi? Unaingiza 350, unatoa 345. Siku za mvua ulikuwa unakopa kwenye betri, na kwa kuwa betri ilikuwa bado changa, ilikukopesha.

Kisha mambo mawili yakaja kwa pamoja. Simu nane za majirani ni kama 100 nyingine kila siku. Halafu ukungu. Siku ile ambayo mpaka saa sita mchana huioni milingoti ya jirani, paneli yako inavuna 150, ikijitahidi 180. Unaingiza 170, unataka kutoa 450. Hakuna betri duniani ya kuziba pengo hilo kila siku kwa wiki sita.

Na betri yenyewe, mama, N70 ni betri ya gari. Imetengenezwa isukume stata kwa sekunde chache, kisha altaneta iijaze tena. Sahani zake za ndani ni nyembamba. Ndani yake mna kama wati-saa 840, na nusu tu ndiyo unayoweza kuitumia bila kuiumiza, yaani 420. Ukiishusha chini ya hapo kila usiku na kuiacha bila kujaa, salfeti inaganda kwenye sahani, na kila siku inashika kidogo kuliko jana. Kwa hiyo fundi wako huenda hajakosea, imechoka. Ila hakukuuliza imechokaje.

Pesa hiyo nunua paneli ya pili ya wati 100. Siku ya ukungu mbili zitakupa 300 na kitu, siku ya jua 700. Kontrola ya ampea 10, kile kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kuchaji betri, haitabeba mbili: wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampea 17, unahitaji ya ampea 20, nayo si ghali kama betri. Simu za majirani usiziache, zinakuingizia shilingi 2,400 kwa siku. Hizo ndizo zitakazonunua betri baadaye, na ukinunua, tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, siyo ya gari. Kama utaweza kufikia ile ya lithiamu, ichukue, ila ikae ndani ya nyumba, maana haipendi kuchajiwa kwenye baridi ya kugandisha na nyinyi huko mnaijua barafu ya alfajiri. Simu zichajie kwenye matundu ya kontrola mchana, siyo kwenye inveta usiku.

Kabla ya kwenda dukani, lakini, fanya kazi moja isiyo na gharama. Panda uangalie paneli imeelekea wapi. Mwezi huu jua letu liko kaskazini. Mafundi wengi wanaifunga upande wa bati unaoonekana barabarani, na kama barabara yako iko kusini, umelipa mia unavuna sitini. Igeuze kaskazini, iinamishwe kidogo tu ili mvua iteleze na vumbi. Kivuli cha tawi moja la mparachichi juu ya kona moja ya paneli kinaweza kukunyang'anya zaidi ya nusu ya umeme, kwa hiyo angalia saa tatu, saa sita na saa tisa.

Kisha shika nyaya. Nasema shika kwa mkono. Miaka kadhaa iliyopita mama yangu mzazi, Ifwagi, alilalamika kama wewe. Nilikwenda nikapima kila kitu, nikabadilisha taa, hali ileile. Siku ya pili jua likiwa kali nikapanda darini nikafuata waya kwa vidole. Katikati nikashika kitu cha moto. Nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kuviringishwa nailoni ya sukari. Nailoni ilikuwa imeyeyuka ikashikamana na ubao wa dari, shaba imekuwa nyeusi kama masizi. Umeme wa mama ulikuwa unaishia pale, unachemsha ubao. Nilikaa juu ya boriti nikatetemeka, kwa sababu wajukuu wanne walikuwa wanalala chini ya ubao huo. Tangu siku hiyo sikubali kiungo ambacho hakina kiunganishi cha skrubu, na sikubali betri isiyo na fyuzi karibu na kichwa chake chanya. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, zima, fungua, osha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi soda, kausha, kaza.

Na dukani usiamini kibandiko. Mwaka 2016 nilimnunulia mteja paneli iliyoandikwa wati 120. Saa sita mchana, mbingu nyeupe, nikagusisha multimita, kile kipimo cha umeme: ampea tatu na nusu. Paneli ya wati 120 ya kweli, jua lile, ingetoa karibu saba. Ilikuwa paneli ya 60 iliyobandikwa karatasi ya 120, nami nilimlipa mteja wangu tofauti kutoka mfukoni. Kwa hiyo nenda dukani mchana wa jua, nenda na mtu mwenye multimita, na wati 100 ikupe ampea tano na nusu au sita. Muuzaji akikataa kupima, ondoka.

Fundi, nalima vitunguu ekari moja Igurusi, Mbarali. Nina kisima cha mita sita. Pampu ya petroli inanimaliza, msimu uliopita nusu ya faida ilikwenda kwenye mafuta. Wanasema pampu za sola zipo. Nahitaji paneli ngapi, na lazima niweke betri? – Mkulima, Igurusi

Mdogo wangu, betri huhitaji. Jenga kichanja cha mita tatu, weka tanki juu, jua likiwaka pampu ijaze, jioni fungua bomba. Tanki ndilo betri yako, na halichoki kwa kushushwa mpaka chini.

Ekari moja ya vitunguu, vikishakua, kwenye jua la Usangu, itataka kama lita 20,000 hadi 25,000 kwa siku. Kuzitoa mita sita chini na kuzipandisha kwenye kichanja, pamoja na msuguano wa bomba, ni kama kuzinyanyua mita 10. Pampu ndogo za sola hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu, kwa hiyo utahitaji kama wati-saa 1,700 kwa siku. Paneli mbili za wati 300 zitatosha na akiba kidogo. Ukiweka mabomba ya matone badala ya mifereji, hata maji unayohitaji yatapungua. Nunua pampu iliyoandikwa inapandisha lita ngapi kwa kimo gani. Ile inayojisifu kwa lita peke yake inazungumzia maji yasiyopanda popote.

Jambo la pili ni zito zaidi kwangu, na hukuniuliza. Pampu ya petroli inakuumiza kila lita, kwa hiyo unaizima. Ya sola haikuumizi, na nimeona mashamba Mbarali inavyoachwa iwake mpaka magharibi, maji yanafurika mpaka njiani. Maji hayo yana wenyewe mbele. Mito ya Usangu inaingia Ruaha Mkuu, Ruaha inajaza bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, kisha yanashuka Kidatu, megawati 204. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mtu wa Igurusi anayemwaga maji kwa umeme wa jua anapunguza umeme wa maji wa mwenzake. Ofisi ya Bonde la Rufiji iko Iringa, kawaulize kuhusu kibali cha kutumia maji kabla hujanunua pampu. Na weka boya kwenye tanki, likijaa pampu izime yenyewe. Tafadhali usiliruke hilo la boya.

Shikamoo fundi. Mimi ni mzee wa miaka 71, Busokelo. Nguzo zimefika kijijini kwetu, zimeishia shuleni na zahanati. Kitongoji changu kiko kilomita mbili mbele. Wanangu wa Dar wanataka kunifungia sola, lakini jirani anasema nisubiri, umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, utafika nitalipa kidogo. Nifanyeje? – Mzee, Busokelo

Marahaba nisingestahili, mzee wangu. Mimi ndiye wa kukupa shikamoo.

Mimi naishi kwa sola, kwa hiyo pokea hili kama la mtu asiye na sababu ya kukuambia hivyo: jirani yako anasema kweli kuhusu bei. Ada ya kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000. Kwa mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Mama wa genge niliyemjibu hapo juu anatumia kama uniti 10 kwa mwezi kwa ajili ya nyumba yake. Kwa Luku hiyo ni kama shilingi elfu moja na kidogo. Hakuna sola itakayokupa hivyo. Na nguzo ikifika mlangoni, ivute siku hiyo hiyo. Kama nyumba haijatandazwa waya, waulize kuhusu UMETA, kile kifaa chenye soketi na swichi kinachofungwa ukutani.

Tatizo ni kilomita zako mbili. Vijiji 12,318 vya Tanzania Bara vimetangazwa kufikiwa, lakini kijiji kinahesabiwa kimefikiwa nguzo zinapofika kati, na vitongoji ni zaidi ya 64,000. Umeme wenyewe upo. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mitambo ya megawati 2,115. Kinachokosekana ni waya na transfoma za kuufikisha kwako, tena huko kwenu nyumba moja iko kilima hiki, nyingine kile, migomba katikati. Nenda ofisi ya serikali ya kijiji, uliza kama kitongoji chako kimo kwenye orodha ya mradi, na mkandarasi ameshapima njia au bado. Vigingi vikiwa vimechomekwa, subiri. Kama hakuna kigingi, waache wanao wakufungie.

Ila waambie wafunge kidogo. Taa tano, redio, simu, paneli ya wati 50 au 60, betri ndogo ya lithiamu. Wasikuletee friji. Huko kwenu mvua haiishi na mawingu ya Rungwe unayajua kuliko mimi, friji itakula kila kitu kisha utasingiziwa jua. Radi nazo ni nyingi, kwa hiyo fremu ya paneli iwe na waya wa ethi uliozikwa ardhini, na nyumba yako ikiwa juu ya kilima hilo halina mjadala. Mashine ya kusaga ya wajukuu, kama wanaiota, hiyo isubiri umeme wa njia tatu.

Na fundi atakapokuja kutandaza nyaya, asizipigilie juu ya ukuta. Azipitishe kwenye paipu, atumie waya wa milimita za mraba 2.5, zile za taa kila chumba na swichi yake. Siku nguzo zikivuka bonde, waya ule ule utapokea umeme wa gridi baada ya fundi kuupima, bila kubomoa lipu. Karibu na mlango, kwa kimo cha bega lako, aache nafasi ya mita ya Luku.