Maswali ya sola: kabla hujauliza utatokaje, soma ulichosaini

Wiki hii maswali mengi yametoka kwa ndugu zetu wenye nyumba huko Marekani, wamefungiwa paneli juu ya paa, bili haijashuka kama walivyoambiwa, sasa wanataka kujitoa. Nawaomba tena, na hii nimeshaomba mara nyingi: ukiniandikia sema mkataba wako ni mkopo, ni wa kukodi, au ni PPA, yaani ule wa kununua umeme kwa uniti kutoka paneli zilizo juu ya paa lako. Bila hiyo sina pa kuanzia.

Kaka, nimesaini jana usiku, mume wangu kakasirika sana. Naweza kughairi? (Dada, Columbus, Ohio)

Unaweza, ila anza leo leo. Kama muuzaji alikufuata nyumbani, sheria ya serikali kuu inakupa mpaka saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi, na Jumamosi inahesabiwa, ni Jumapili na sikukuu za serikali tu ndo hazihesabiwi. Andika, usipige simu peke yake, na usimtumie meseji yule kijana aliyekuuzia maana atakubembeleza mpaka siku zikatike. Peleka posta kwa rejista, risiti ya tarehe uitunze. Pesa uliyotoa inatakiwa irudi ndani ya siku 10 za kazi.

Alitakiwa pia akuachie fomu ya kughairi nakala mbili na akuambie kwa mdomo kwamba una haki hiyo. Na hili watu wetu hawalijui kabisa: kama alikuelezea kwa Kiswahili, mkataba unatakiwa uwe kwa Kiswahili pia, sheria inasema lugha ileile iliyotumika kumuuzia mteja. Siku hizi kampuni zinawatuma vijana wetu wenyewe, wanaongea Kiswahili kizuri, wanamwamkia mama yako shikamoo, halafu tableti inayotolewa ni kurasa 40 za Kiingereza na unaonyeshwa tu pa kuweka kidole. Inaniuma sana hii. Hata kwangu walikuja, nikasema niachie karatasi nisome usiku, akajibu ofa inaisha leo. Nikamfungulia mlango aende. Kitu cha kulipa miaka 25 hakishindwi kusubiri kesho asubuhi.

Nilifunga sola miaka miwili iliyopita nataka kuvunja mkataba nifanyeje (Minneapolis)

Mkataba gani? Rudi juu usome nilichoomba.

Nilianza kulipa dola 130 kwa mwezi, mwaka huu wa tatu wanakata 137 na senti, afu bado kampuni ya umeme inanidai. Huu si wizi? (Houston)

Huyu kasema ni wa kukodi, ahsante. Ndugu yangu, wizi haupo hapo, kipengele kipo na umekisaini, malipo yanapanda asilimia 2.9 kila mwaka. Ukisikia 2.9 unaona ndogo. Chukua kalkuleta uzidishe mwaka kwa mwaka, ukifika mwaka wa 25 unalipa karibu dola 258 kwa mwezi, mara mbili ya ulipoanzia, na wakati huo paneli zimechoka na zinatoa umeme pungufu kuliko siku zilipofungwa. Muuzaji alikuonyesha mchoro wa bei ya umeme ikipanda kwa kasi zaidi, sasa huo ni utabiri wake, ila 2.9 yako ni ahadi uliyoitoa wewe.

Cha kufanya. Kwanza omba kwa maandishi bei ya kununua mfumo mzima, mikataba mingi ina jedwali la bei hiyo kwa kila mwaka, linganisha na jumla ya ulichobakiza kulipa. Pili, hiyo bili ya pili. Texas haina sheria ya jimbo zima ya kulazimisha kampuni ikununulie umeme unaozidi mchana, ila hapo Houston kampuni ya umeme unaichagua mwenyewe, na zipo zenye mpango wa kununua umeme wa sola na zipo zisizolipa hata senti. Naona watu wanafunga paneli halafu wanabaki kwenye mpango wa zamani, umeme wao wa mchana unaenda kwenye gridi bure, usiku wanaununua kwa bei kamili! Angalia mpango wako wiki hii hii.

Kampuni iliyonifungia imefilisika. Niache kulipa? (Phoenix)

Usiache. SunPower iliomba ulinzi wa kufilisika Agosti 2024, Sunnova ikafuata Juni 2025, na mikataba ya wateja haikufa kwa sababu hiyo, mkataba wako ni mali ya kampuni na mali inauzwa. Kama ni mkopo ndo kabisa, aliyekukopesha mara nyingi si yule aliyepanda juu ya paa, ukiacha kulipa unaharibu rekodi yako ya mikopo.

Lakini usikae kimya. Kwenye mikopo mingi iliyopitia kwa muuzaji kuna maneno ya sheria yanayosema malalamiko uliyo nayo dhidi ya muuzaji unaweza kumpelekea pia anayeshikilia mkopo, kwa hiyo kama mfumo haujawahi kuwashwa au paa linavuja, mwandikie mkopeshaji, ambatanisha picha na tarehe, nakala kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Waranti ya paneli inatoka kiwandani, hiyo inaweza kubaki. Ya kazi ya ufundi ndo mara nyingi inaondoka na fundi.

Na wale wanaokupigia wakisema lipa kwanza tukutoe kwenye mkataba wa sola, kata simu. Mtu ameshaumia mara moja wanamrudia.

Ile asilimia 30 ya serikali nitapewa lini?

Hili nalijibu kila mara. Lilikuwa punguzo la kodi ya mapato kwa aliyefunga sola, haikuwa hundi, na kwa mwenye nyumba aliyenunua mfumo iliishia Desemba 31, 2025. Ukiwa wa kukodi au PPA haikuwahi kuwa yako, ni ya kampuni. Wenye mikopo chunguzeni kitu kingine, mikopo mingi ilipangwa kwamba hiyo 30 utaiingiza kwenye deni ndani ya miezi 18 hivi, usipoiingiza malipo ya mwezi yanaruka. Wengi wameligundua siku yaliporuka.

Tunauza nyumba turudi Moshi, mnunuzi hataki paneli.

Huenda kuna fomu ya UCC-1, yaani taarifa ya wazi kwamba kampuni ina dai juu ya mfumo huo, imesajiliwa, itatokea mnunuzi akipekua. Ama akubali kurithi mkataba na kampuni imkague uwezo wake wa kulipa, ama mlipe deni lote kwenye mauzo. Mwambieni dalali leo, hii kazi inachukua wiki nyingi.

Nataka kumlipia mama Kitui sola ya lipa mdogo mdogo. Huko nako ni miaka 25?

Hapana, mara nyingi ni mwaka mmoja mpaka mitatu. Analipa kwa M-Pesa, asipolipa kiboksi kinajifunga mpaka alipe, akimaliza ni chake. Yaani mama wa kijijini anamiliki paneli yake kabla mtoto wake aliyekodi Texas hajafika hata robo ya mkataba. Ila uliza jumla ya malipo yote mpaka mwisho ni shilingi ngapi, linganisha na bei ya taslimu, na betri ina waranti ya muda gani maana betri ndo hufa kwanza. Na kabla hajakubali chochote, mtu amsomee masharti yote kwa Kikamba.