Muulize Fundi: Mafaili yamefungwa, wanadai dola 490

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina stesheneri ndogo hapa Morogoro: naprinti, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Juzi kijana wangu alinishushia mtandaoni programu ya kuhariri picha, ile ya kulipia, lakini ya bure. Maelezo yake yalitaka tuzime antivirusi kwanza, tukazima. Likatokea dirisha la Windows kujisasisha, nikaiacha ijimalize. Kurudi, kila faili limeongezewa herufi nne mwishoni na halifunguki. Nimekuta na barua, _readme.txt: dola 980, nikiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490. Watu wananishauri nilipe. Nifanyeje? *Mama Stesheneri*

Jibu: Pole sana, mama. Usilipe, na usiformati kwanza, yaani usifute diski yote.

Barua hiyo naijua mpaka nukta zake. Ni ya kirusi kinachoitwa STOP; aina yake iitwayo Djvu ilianza kusumbua watu mwishoni mwa 2018. Lile dirisha la kujisasisha lilikuwa la kirusi chenyewe. Kilikuwa kinakutuliza huku kinafunga mafaili. Mimi kilinipata 2020, tena natafuta kraki, yaani kifaa cha kuvunjia leseni, ya programu ya uhasibu ya mteja. Kwa hasira nikaformati diski siku hiyohiyo. Nilitupa kufuli pamoja na namba yake.

Namba hiyo, ya utambulisho ambayo kirusi humpa kila kinayemfungia, ndiyo uitafute wewe. Chomoa intaneti, chomoa flashi zote, kisha fungua diski C, folda SystemID, faili PersonalID.txt. Tazama mwisho wa mstari ulioandikwa humo. Ukiishia na t1, kirusi hakikuipata seva yake, yaani kompyuta ya wezi mtandaoni, kikatumia ufunguo uliomo ndani yake, ambao kimewafungia watu wengi. Funguo za namna hiyo baadhi zimepatikana, na Emsisoft, kampuni ya antivirusi, wana programu ya bure ya kufungulia. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, si kwingine, maana kuna virusi vinavyojifanya dawa. Kama ufunguo wako haujapatikana, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje uyaweke. Huenda ukapatikana baadaye. Usipoishia na t1, ufunguo wanao wao tu. Fundi wa mtaani akikuahidi kuufungua, anakula hela yako.

Lakini stesheneri ina bahati yake. Kazi za wateja ziliingia kwa WhatsApp na barua pepe, na nyingi bado zimo humo. Kadi ya kamera je? Acha kuipigia picha kuanzia leo. Hata zilizofutwa, PhotoRec, nayo ya bure, huzifufua kama hazijaandikiwa juu. Na kirusi hiki kina haraka: kwenye kila faili hufunga kilobaiti 150 hivi za mwanzo tu. Zip kubwa, yaani faili moja lililobana mengine, yenye picha mia mara nyingi hupoteza ile ya kwanza, nyingine zinatoka salama. Video ndefu nazo hurekebishika. Barua za kurasa mbili, hizo zimekwenda.

Sasa jambo ambalo watu hulisahau. Kirusi hiki mara nyingi huja na mwenzake mwizi, anayekusanya paswedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Chukua simu, siyo kompyuta hiyo, ubadilishe paswedi ya barua pepe kwanza, kisha ya benki na Facebook. Ukishanakili mafaili ndipo uformati na kuweka Windows upya.

Kijana wako usimgombeze sana, ila muulize: ile programu aliyoshusha ilikuja kwenye zip yenye paswedi, labda 1234, imeandikwa pembeni yake? Nakisia jibu. Zip yenye paswedi antivirusi haiwezi kuchungulia ndani, ndiyo maana wanaifunga hivyo. Na programu inayokuomba uzime mlinzi kabla haijaingia, hiyo imeshakwambia ni nani. Picha za pasipoti GIMP, programu ya kuhariri picha, inazikata vizuri, haina malipo, haina kraki. Itakusumbua siku tatu, ya nne mkono unazoea. Nunua na diski ya nje: Jumamosi unachomeka, unanakili, unachomoa. Ikibaki imechomekwa, kirusi kinaifunga nayo.

Zile dola 490 ni zaidi ya milioni moja ya kwetu, mama. Angalia kwanza PersonalID.txt, uniandikie herufi mbili za mwisho.