Jibu: Alama zilizofichwa katika Futurama

Ndugu yangu, umeuliza kama alama ndogo zinazoonekana nyuma ya wahusika wa Futurama, katuni ya televisheni ya Marekani, hutabiri vipindi vijavyo, au sisi mashabiki tunajitungia tu. Baadhi hutabiri kweli: katika kipindi cha kwanza, cha mwaka 1999, kivuli cha Nibbler, yule kiumbe mdogo mwenye jicho la tatu, kinaonekana chini ya meza wakati Fry, mhusika mkuu, anapoanguka ndani ya mtambo wa kugandisha watu, na maana yake ilifunuliwa mwaka 2003 tu (uvumilivu ulioje!). Hata hivyo, dhana yako kwamba Fry na mpenzi wake Leela watatengana siikubali. Hapa Goma tuliijadili usiku mzima umeme ulipokatika mtaani Himbi, na hakuna aliyetoa dalili hata moja kutoka katika vipindi vyenyewe.