Usimuulize Mtu "Umeionaje Riwaya Yangu"

Jana usiku nimepata meseji inboksi. Kijana kamaliza riwaya yake ya kwanza, kurasa 340, anasema kawapa watu wanne wameisoma na wote wamemwambia ni moto wa kuotea mbali, sasa anauliza aitume kwa mchapishaji moja kwa moja au ampe kwanza mchumba wake naye aipitie. Nimeisoma ile meseji mara tatu usingizi ukakata, manake huyu kijana ni mimi mtupu wa miaka mitano iliyopita. Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona niliweke hapa maana najua wenye swali hili mko wengi.

Mi riwaya yangu niliiandika miaka miwili na miezi minne, naamka saa kumi alfajiri, naandika mpaka saa kumi na mbili halafu nakwenda kazini. Huko kuandika sikuelezi, we unayesoma hapa unakujua. Nilipomaliza nikawatumia watu saba kwa simu, wote watu wangu wa karibu, dada yangu, wenzangu wa kazini, rafiki yangu niliyesoma naye toka tuko wadogo, na kila mmoja nikamwandikia "naomba uniambie ukweli, usinionee haya". Majibu yakaanza kuingia siku ya tatu. Mswada wa maneno 112,000, mtu ana kazi na ana watoto, kaumaliza siku tatu, na mi wala sikujiuliza! "Hongera sana." "Una kipaji." "Mwisho wake umenisisimua mwili mzima." Dada yangu alinipigia kabisa, analia kwa furaha, na mimi nikalia.

Basi nikautuma kwa mchapishaji. Miezi mitano kimya, halafu barua pepe ya mistari mitatu, asante kwa kutufikiria, kazi yako haiendani na mahitaji yetu kwa sasa, tunakutakia kila la heri. Nikautuma kwa mwingine, huyo hata mistari mitatu sikuiona.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja mwalimu mstaafu, sikuwa namjua, mtu alinikutanisha naye tu kwa sababu huyo mama riwaya anazisoma usiku na mchana. Akasema hasomi kwenye simu, nimletee karatasi. Nikaprinti, nikaacha nafasi mbili kati ya mistari na pembeni pakubwa, nikampelekea. Alikaa nao wiki sita. Siku ananirudishia hakusema nzuri hakusema mbaya, alisema tu, "Mwanangu, kasome penseli."

Nikakaa kitandani nikaanza kusoma penseli. Ukurasa wa 9: "Mvua inanyesha toka ukurasa wa 6, watu watatokea lini?" Ukurasa wa 41 kaukunja pembe, kaandika, "Hapa niliuweka chini. Nimerudi baada ya siku nne kwa sababu nilikuahidi." Sura ya saba kuna mazungumzo ya ndugu wawili, kachora mstari chini ya kila sentensi halafu pembeni, "Nani anaongea? Wote wana mdomo mmoja." Halafu sura ya kumi na moja, pale ninapoandika shangazi akafungua mlango akamkumbatia, kazungushia duara neno shangazi, na maneno matano tu: "Si tulimzika sura ya nne?"

Nilisimamisha pumzi. Nikarudi sura ya nne. Kweli tulimzika. Ni kwamba kwenye drafti ya kwanza hakufa, nikamuua nilipoandika upya, sikukumbuka kwenda kumwondoa huko mbele. Kosa la kawaida kabisa. Kilichoniuma sio kosa, ni kwamba watu saba walisema wamesoma mpaka mwisho, mmoja mwisho ukamsisimua mwili, na hakuna hata mmoja aliyeona marehemu anafungua mlango.

Yule rafiki yangu nilimuuliza. Akasema alifika kama kurasa ishirini, akaona haiendi, ila hakutaka kunivunja moyo. Tumeongea mengi toka siku ile na tuko vizuri, lakini sitasema limeisha, halijaisha. Mwaka mzima nilisubiria majibu ya wachapishaji kwa mswada ambao yeye alishajua una shida toka ukurasa wa ishirini. Jamani mnaopewa kazi za watu, kama huwezi kusoma sema huwezi, hakuna atakayekuchukia. Ukimwambia mtu nzuri wakati hujasoma unamwibia muda wake, na muda wa mtu anayeandika alfajiri kabla ya kazi ndo mali pekee aliyonayo.

Ila na sisi tuseme ukweli, tunawauliza vibaya. "Umeionaje" ina jibu moja tu kwa mtu anayekupenda. Mi siku hizi siulizi hivyo kabisa. Nauliza wapi ulichoka, wapi ulirudia kusoma mara mbili ndo ukaelewa, nani humwamini anachofanya, na ulipoweka chini uliweka ukurasa wa ngapi. Hilo la mwisho ndo kubwa, mtu hawezi kukudanganya namba kirahisi kama anavyoweza kukudanganya "nzuri". Na usimpe kitabu kizima, mpe sura tatu za mwanzo, asipokuomba ya nne ushajibiwa.

Halafu mpe mtu anayesoma aina ya kitabu unachoandika. Riwaya ya upelelezi ukimpa mtu asiyesoma upelelezi atakwambia maiti zimezidi, utabaki unahangaika na ushauri usio wako. Waandishi wenzako ni wazuri, mbadilishane miswada, kwa sababu mwenye mswada wake mezani kwako atakusoma kwa makini. Kuna wanaoogopa kuibiwa wazo. Wazo ni kitu kidogo sana ndugu yangu, kazi iko kwenye kurasa 340, na hakuna mtu atakayeamka saa kumi alfajiri kukuandikia.

Maoni yakija, kaa kimya. Hili nalirudia, kaa kimya. Usimweleze msomaji ulimaanisha nini, kitabu kikitoka hutakuwepo pembeni ya kila mtu kumweleza. Mi nayaweka siku mbili bila kugusa, ya tatu ndo nafungua, maana siku ya kwanza kila maoni nayaona ni wivu. Na wakikwama wawili tofauti sehemu moja hapo pana shida, hata kama kila mmoja ana dawa yake. Shida waamini, dawa tafuta mwenyewe. Ila usimtii kila mtu, kuna mmoja alitaka nimwozeshe mhusika wangu mkuu kwa mwanaume aliyemdhulumu, nikamshukuru nikaacha.

Na msidhani haya ni ya sisi wachanga tu. Harper Lee wa Marekani alipeleka mswada wake kwa mchapishaji 1957, mhariri wake Tay Hohoff akaona uhai uko kwenye zile kumbukumbu za utoto za mhusika, akamrudisha huko, wakafanya kazi ya kuandika upya zaidi ya miaka miwili. Kitabu hicho, To Kill a Mockingbird, kikatoka 1960, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Fikiria angepewa "hongera sana" akaishia hapo.

Mi ilinichukua miezi kumi na nne kuandika upya. Mvua yote nimeitoa, riwaya sa hivi inaanzia ulipokuwa ukurasa wa 41. Mwezi uliopita mchapishaji kaikubali, mhariri kanirudishia na maswali yake 60 na kitu, na nimeyafurahia kuliko sifa zote za wale saba, nasema kutoka moyoni. Yule mama nilimpelekea taarifa mwenyewe. Akauliza, "Shangazi umemzika vizuri safari hii?" Nikamwambia nimemzika.

Kwa hiyo kijana wangu wa inboksi, usitume bado. Printi sura tatu, tafuta mtu mmoja asiyekudai wala usiyemdai chochote, mpe na penseli. Wale wanne waulize swali moja tu, jambo gani linatokea katikati ya kitabu, halafu usikilize watakavyojibu. Mchumba wako mwache, atasoma kikishakuwa kitabu.