Maswali na majibu: Sentimita ya ujazo si sentimita

Safari hii maswali mengi yanahusu densiti ya chaji, yaani chaji iliyomo katika kila kipande cha ujazo. C ni kulombi, uniti ya chaji; µ ni mikro, yaani 10⁻⁶. Karibu wote wamejikwaa mahali pamoja. Wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha sita wasome hata majibu ya maswali ambayo si yao.

Shikamoo Mwalimu. Nimeambiwa nibadili 5 µC/cm³ kuwa C/m³. Nimepata 5 × 10⁻⁴, kitabu kinasema 5. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa PCM, Masasi)

Marahaba. Kitabu kiko sahihi. Wewe umezidisha kwa 100 kwa kuwa mita moja ina sentimita 100, lakini hapa hatupimi urefu. Mita ya ujazo ina urefu, upana na kimo, na kila upande una sentimita 100. Kwa hiyo ndani yake zimo sentimita za ujazo 100 × 100 × 100, yaani milioni moja. Anayeuza maji Mtwara hahitaji kufundishwa hili: simtanki ya lita 1000, yaani mita moja ya ujazo, inajaza madumu 50 ya lita 20, wala hatakubali umwambie yanatoka mawili.

Sasa andika hivi, usiruke hatua:

5 µC/cm³ = (5 × 10⁻⁶ C) ÷ (10⁻⁶ m³) = 5 C/m³

Mikro ya juu na milioni ya chini zimefutana. Swali hili naletewa kila muhula, na chanzo chake hakibadiliki: mwanafunzi anaandika namba tupu mistari minne, halafu anabandika uniti kwenye jibu la mwisho. Uniti iandikwe katika kila mstari. Mwalimu anayetoa alama zote kwa kazi isiyo na uniti anamdhulumu mwanafunzi wake.

nC/mm³ ni sawa na C/m³ ngapi? (Nachingwea)

1 nC/mm³ ni 1 C/m³. Nano ni 10⁻⁹, milimita ya ujazo ni 10⁻⁹ m³. Ungelipata mwenyewe kwa njia niliyoonyesha hapo juu.

Kwa nini tuhangaike wakati programu ya simu inabadili uniti zote? (Lindi mjini)

Kwa sababu simu haiingii chumba cha mtihani, na kwa sababu programu inabadili ulichoandika, si ulichokusudia. Ukiandika mC (mili, 10⁻³) badala ya µC, itakupa jibu safi lililozidi mara 1000 na haitakuuliza kitu. Itumie kuhakiki hesabu uliyokwisha kuifanya kwa mkono. Na mnaoandika µ kama m kwenye daftari, acheni.

Tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 2 lina chaji ya 6 µC. Nimepata densiti ya 1.19 × 10⁻³, jibu lililotolewa ni 0.179 C/m³. Nimebadili uniti vizuri kabisa. (Kilwa Masoko)

Uniti umebadili vizuri. Ulichogawanya ndicho sicho. Umetumia 4πr², ambalo ni eneo la uso wa tufe, kwa hiyo jibu lako ni 1.19 × 10⁻³ C/m². Ungeandika hiyo m² mbele ya namba, macho yako yenyewe yangekwambia kuwa umetafuta densiti ya uso badala ya densiti ya ujazo. Ujazo ni (4/3)πr³, yaani sentimita za ujazo 33.5. Gawa 6 µC kwa 33.5 cm³ upate 0.179 µC/cm³, na kama tulivyoona kwa mwenzako wa Masasi, hiyo ni 0.179 C/m³.

Jambo jingine, hukuuliza lakini ni zito kuliko uniti. Jibu hilo lina maana tu ikiwa chaji imeenea sawasawa ndani ya tufe. Tufe la chuma, chaji ikitulia, huiweka yote usoni, na densiti ya ujazo ndani yake ni sifuri. Swali lisilosema tufe ni la nini, wala chaji imekaaje, ni swali bovu. Mrudishie aliyelitunga.

Nafanya kazi kituo cha mafuta. Karatasi ya usalama inataja chaji ya mafuta kwa µC/m³. Kwa lita ni kiasi gani? (Mtwara)

Mita ya ujazo ni lita 1000, kwa hiyo 1 µC/m³ ni 1 nC kwa lita. Namba ndogo, lakini usiidharau. Petroli hujikusanyia chaji inapopita kwenye chujio na mpira wa pampu, na kwa kuwa inapitisha umeme kwa shida, chaji haiondoki upesi. Cheche moja penye mvuke wa petroli inatosha kuua. Dumu liwekwe chini, kamwe lisijazwe likiwa juu ya bodaboda, na liwe lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta hayo.

Wingu la radi lina chaji kubwa. Mbona densiti yake huandikwa kwa nano? (Newala)

Kwa sababu wingu ni kubwa mno. Chukua kulombi 20 zilizoenea katika kilomita za ujazo 10. Kilomita moja ya ujazo ni 10⁹ m³, si 1000 kama wengi mnavyoandika. Basi 20 C ÷ 10¹⁰ m³ = 2 nC/m³. Na radi ikianza kupiga, tokeni chini ya mikorosho, mwingie ndani ya nyumba.

Kitabu cha zamani kinatumia esu/cm³. Nizidishe kwa ngapi? (Mikindani)

Kwa 3.336 × 10⁻⁴ kupata C/m³. Esu ni uniti ya chaji ya mfumo wa zamani wa sentimita, gramu na sekunde. Ila kanuni nazo hubadilika: pale penye ρ/ε₀ (ρ ni densiti ya chaji, ε₀ ni kigezo cha umeme cha ombwe), kitabu hicho kitakuwa na 4πρ. Ukichanganya mifumo miwili, hakuna uniti itakayokuokoa.

Nimepiga hesabu ya elektroni huru za shaba nikapata −1.36 × 10¹⁰ C/m³. Bila shaka nimekosea? (Liwale)

Hujakosea. Elektroni 8.5 × 10²⁸ kwa mita ya ujazo, mara −1.6 × 10⁻¹⁹ C, ndiyo hiyo. Waya haukurushi kwa sababu ioni chanya za shaba zina densiti ileile yenye alama ya kinyume, na jumla ni sifuri. Umefanya vema kushtuka ulipoona namba kubwa hivyo. Laiti wenzako nao wangekuwa wanashtuka.