Si lazima uwe umecheza ligi kubwa

Bro umeuliza kama kijana wa Kisumu ambaye hakucheza ligi kubwa anaweza kuwa kocha wa basketboli wa kulipwa. Anaweza kabisa. Angalia Erik Spoelstra, hakuwahi kucheza NBA, ile ligi kubwa ya Marekani, aliingia timu ya Miami Heat 1995 kazi yake ikiwa ni video za mechi, akapanda pole pole hadi 2008 akapewa timu yenyewe kama kocha mkuu, na 2012 na 2013 wakabeba kombe. Hiyo ni miaka 13 ya kungoja, so usitarajie shortcut.

Hata Liz Mills, yule Muaustralia aliyekuwa kocha wa Morans wetu, timu ya taifa ya Kenya, 2021 tukipiga Angola 74-73 (hiyo siku nililia machozi ya ukweli), alianza kukoch Afrika kule Zambia kabla watu wamjue.

Wewe anza na timu ya shule ya upili iko karibu na wewe, hizo timu nyingi zinashikwa na mwalimu mmoja tu na anahitaji msaidizi sana, andika takwimu, rekodi mechi na simu, alafu kukiwa na kozi ya makocha ya shirikisho la basketboli usikose. Pesa itakawia lakini jina lako litaanza kujulikana.