Asali kwenye bia ya ngano: punguza kimea kwanza

Mkuu salama? Nimesoma swali lako, una resipe ya bia ya ngano ya lita 19, kimea cha ngano kilo 2.5 na cha shayiri kilo 2, umeletewa kilo nzima ya asali ya Tabora na unataka uimwage yote kwenye sufuria wakati inachemka ili bia iwe tamu. Nakuomba usifanye hivyo. Nipo Minnesota mwaka wa sita sasa napika bia nyumbani na hiyo njia nimeshaipita.

Kwanza kabisa, asali haileti utamu kwenye bia. Kama asilimia 80 ya asali ni sukari, na ni sukari laini ambayo hamira inaila ikaimaliza yote, kinachobaki ni kilevi na harufu basi. Sisi wa Tabora tuna mfano nyumbani, wanzuki, ile pombe yetu ya asali. Siku ya kwanza inakuwa tamu kama sharubati, ikilala siku chache utamu wote unakwisha inabaki kali na kavu, na ile msingi wake ni asali na maji.

Bechi yangu ya kwanza niliweka asali mwanzoni kabisa, ikachemka saa nzima pamoja na hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu. Nyumba ilinukia mpaka mke wangu akatoka chumbani kuuliza napika nini, sasa ile harufu iliyojaa jikoni ndo ilitakiwa iwe kwenye glasi, yani yote ilishaondoka na mvuke. Nikapata bia kali, nyepesi mdomoni, asali huisikii kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiongeze asali juu ya resipe, badilishana. Toa gramu 700 za kimea cha shayiri uweke gramu 500 za asali, hapo haidromita yako, kile kipimo cha sukari iliyomo, itabaki pale pale karibu na 1.050. Ukimwaga kilo nzima bila kupunguza kitu utafika kama 1.065, hiyo ni bia ya asilimia 7 na siyo tena bia ya ngano ya kunywa mchana wa joto. Kimea cha ngano usikiguse, ndo kinachobeba povu na ule uzito wa mdomoni. Na kwa vile asali inaikausha bia, loweka kimea kwenye joto la juu kidogo, nyuzi 68, siyo 65, alafu ongeza gramu 200 za kimea cha karameli, huo ndo utamu ambao hamira haiwezi kuumaliza wote. Ngano haina maganda, inaganda kama uji ukianza kuchuja, weka maganda ya mpunga kiganja kimoja au viwili.

Hamira nayo iangalie. Hamira ya Kijerumani ya bia ya ngano inatoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu, nzuri sana lakini inaifunika asali, mimi natumia hamira ya Kimarekani iliyo kimya kama US-05, kwenye nyuzi 18 hivi. Hopsi kidogo tu. Wajerumani wenyewe kwa kawaida asali hawaiweki, sheria yao ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu shayiri, hopsi na maji peke yake, kwa hiyo usisumbuke kutafuta resipe ya asali kwao.

Asali inaingia lini? Siku ya tatu au ya nne tangu uweke hamira, povu likianza kushuka. Iyeyushe kwenye maji ya moto nusu lita, nyuzi 65 kama dakika 20, ipoe, imimine taratibu bila kurusharusha. Ndani ya masaa machache utaona kizibo cha kupumulia kinaanza tena kutoa mapovu.

Hapa sasa ndo nakuomba unisikilize sana. Bechi ya pili niliona mapovu yamekoma siku ya nane nikaweka kwenye chupa, sikupima. Usiku wa wiki iliyofuata nikasikia mlio chini ya nyumba, kushuka nakuta chupa tatu zimepasuka, kipande cha kioo kimechoma boksi la viatu vya mwanangu kikasimama humo. Mtoto anachezaga pale. Asali ilikuwa haijaisha, hamira ikaendelea kula ndani ya chupa iliyofungwa. Tangu siku hiyo napima kwa haidromita siku tatu mfululizo, namba isiposogea hata kidogo ndo nafungasha, mara nyingi ni wiki ya tatu. Sukari ya gesi, ile unayoweka wakati wa kufungasha, gramu 120 kwa lita 19 inatosha, na chupa ziwe nene.

Kuhusu asali yako, ionje kwanza. Ya kule msitu wa miombo mara nyingine ina harufu ya moshi kwa sababu wanalina kwa moto, na moshi hauondoki, bechi moja ilinitokea kama nimeloweka mkaa. Kama yako ina moshi weka gramu 250 tu, nyingine itafute hapo ulipo, ya maua ya porini. Ikiwa safi weka zote 500, na hiyo nusu kilo inayobaki ihifadhi kwa bechi ya pili, maana utataka kurudia.